Waliohamia Yerusalemu walipatikana kwa kura
Je, Yerusalemu ilijaa watu mara tu ukuta wake ulipokamilika kujengwa upya wakati wa Nehemia? Hapana. Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni Babeli walipiga kura ili mtu mmoja kati ya kila kumi ahamie humo, huku wale tisa wakibaki katika miji mingine. Jambo hilo limeandikwa wazi katika Nehemia 11:1-2, na sababu yake imetangulia katika 7:4, panaposemwa kwamba mji ulikuwa mpana na mkubwa, lakini watu ndani yake walikuwa wachache na nyumba zilikuwa hazijajengwa. Ukuta ulikamilika kwa siku 52 (6:15), lakini ulihitaji walinzi kutoka miongoni mwa wakazi wenyewe, na mtu aliyekwisha kurudi kwenye shamba la baba zake hakuwa na sababu nyepesi ya kuliacha ili akaishi kwenye magofu. Ndiyo maana, kwangu mimi, aya ya pili ya sura ya 11 ina uzito mkubwa: watu waliwabariki wote waliojitolea kwa hiari kukaa Yerusalemu. Tahadhari moja: andiko halisemi bayana kama waliojitolea ni walewale walioangukiwa na kura au ni kundi la ziada, na wafasiri hutofautiana juu ya hilo.