Familia: Parsons na Engels wanaachana wapi?

Unauliza utawatofautishaje wanauamilifu (wanaosema kila sehemu ya jamii ina kazi ya kuishikilia) na Wamarx (wafuasi wa Karl Marx, wanaouliza nani ananufaika kiuchumi) kwenye swali la familia katika sosholojia bila kukariri. Chukua tendo moja: mzazi anamwambia mtoto, "Mkubwa akisema, unatii." Talcott Parsons, mwanauamilifu wa Marekani, angesema hapo mtoto anarithishwa maadili ya jamii, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya familia; kazi ya pili, kwake, ni kumtuliza mtu mzima kihisia. Mmarx angeuliza: utii huo utamfaidi nani huko kazini? Friedrich Engels, mwenzake Marx, mwaka 1884, aliihusisha ndoa ya mke mmoja na mali binafsi, kwamba mwanamume alitaka uhakika wa mrithi. Wanaufeministi, wanaotetea usawa wa wanawake, wao wanaangalia nani anaosha vyombo bila malipo, na hapo ndipo mjadala unanoga. Mwanaanthropolojia George Murdock na majukumu manne aliyoipa familia (1949), yaani kujamiiana, uzazi, uchumi na elimu, mtaje kwa kifupi tu. Halafu useme wewe unaegemea wapi, na kwa nini.