Maswali yenu: Tuache "kukopa", tuseme "kuchenji"

Mwezi huu barua nyingi ni za hesabu. Nimechukua tatu, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imenigusa, mimi mwenyewe nimeshika chaki darasa la tatu miaka mingi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha hesabu darasa la 3 huku Kahama, nina watoto 96 chumba kimoja. Kutoa kunanishinda kabisa, ukiwapa 52 − 27 zaidi ya nusu ya darasa wanaandika 35, nimeeleza mpaka koo limekauka. Juzi nikaleta vizibo vya soda wachezee, mwalimu mkuu akapita dirishani akasema naona leo umeamua kupumzika. Niendelee na vizibo au nirudi ubaoni?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na kazi. Endelea, ila vizibo hapo siyo kifaa chenyewe, nitakwambia kwanini.

Kwanza iangalie hiyo 35 vizuri. Huyo mtoto habahatishi. Tangu darasa la kwanza kaambiwa huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo, sasa anaona juu 2 chini 7, anageuza, 7 toa 2 ni 5, halafu 5 toa 2 ni 3, kamaliza na roho yake nyeupe kwa sababu kafuata sheria uliyompa. Ndo maana ukieleza kwa sauti kubwa zaidi haisaidii, kichwani mwake yeye yuko sahihi.

Halafu hili neno "kukopa", tunalowaambia watoto pale tarakimu ya juu ni ndogo kuliko ya chini, mimi nimelichukia. Nililitumia miaka mingi, piga mstari kwenye 5, andika 4, weka 1 huku, na watoto wangu wakaja kukopa hata kwenye 58 − 21 ambako hakuna haja ya kukopa chochote! Wamekariri mkono unavyokwenda basi. Na mtoto mwenye akili atakuuliza, mwalimu tumekopa kumi, tunalipa lini? Hakuna deni pale. Kumi moja imegeuzwa kuwa mamoja kumi, thamani ni ileile, na neno la jambo hilo watoto wako wanalo tayari: kuchenji. Mpe mtoto noti ya elfu moja mwambie akupe shilingi mia tatu, atakuuliza mwenyewe, si mpaka niichenji? Anaenda kuchenji, anarudi na mia kumi, anakupa tatu anabaki na saba. Huyo ndo huyohuyo aliyeandika 35.

Sasa vifaa. Tumia vijiti badala ya vizibo, kwa sababu kijiti kinafungika. Mabua, mirija ya soda, matete, chochote chenye urefu wa kidole. Waambie kila mtoto aje na vijiti 20, watoto 96 wanakupa 1,920, gawa darasa makundi 16 ya watoto sita sita, kila kundi lipate vijiti 100, unahitaji 1,600 tu na wale watakaosahau hawakuharibii somo. Siku ya kwanza usifundishe kutoa. Wahesabu na kufunga kumi kumi kwa raba au uzi, mafungu tisa yafungwe na vijiti kumi vibaki huru, kipindi kizima kiishie hapo na wala usijute. Mtoto aliyefunga fungu kwa mkono wake anajua ndani mna nini, tofauti na lile unalomletea limeshafungwa.

Siku ya pili mchezo. Vile vijiti kumi vilivyobaki huru navyo vifungwe, kisha timu mbili za watatu kwa watatu ndani ya kundi, kila timu inaanza na mafungu matano, yaani 50. Dadu kama huna kata kadi za boksi uandike 1 mpaka 6 uzitie kwenye kopo, timu inachomoa kadi, inarudisha vijiti vya idadi hiyo kwenye rundo la katikati na kadi inarudi koponi, wa kwanza kubaki na sifuri kashinda. Zamu ya kwanza tu wanakwama! Kadi inasema 4 na mkononi kuna mafungu matupu. Hapo usiseme neno, subiri. Kuna mmoja atafungua fungu, na atafungua bila wewe kumwambia, hiyo ndo hesabu yote uliyokuwa unaipigia kelele wiki tatu.

Ukishaona wanafungua bila kusita warudishe kwenye 52 − 27: mafungu matano na vijiti viwili, toa saba, haitoshi, chenji fungu moja, sasa mafungu manne na vijiti 12, ondoa saba vinabaki vitano, ondoa mafungu mawili yanabaki mawili, 25. Siku nyingine wachore tu, mstari mrefu ni kumi, nukta ni moja. Baada ya hapo namba peke yake. Mwanasaikolojia Jerome Bruner wa Marekani aliueleza mpangilio wa namna hii miaka ya 1960, mkono, kisha picha, kisha alama, na kosa letu walimu wengi ni kuishia kwenye mkono. Tunacheza, tunafurahi, kengele inalia, daftari jeupe. Mwalimu wako mkuu hapo ana pointi. Katika dakika 40 zako acha kumi za mwisho za kuandika, na kabla ya kuandika mtoto mmoja kila kundi aseme kwa mdomo walichofanya. Kisha chukua madaftari ya zamani yenye 35 na ya sasa mpelekee mwalimu mkuu ofisini, kwa heshima, bila maneno mengi.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa watoto watatu hapa Likoni. Wa gredi ya nne ananiambia moja ya nane ni kubwa kuliko moja ya nne kwa sababu nane ni kubwa. Nimsaidieje nyumbani, mimi mwenyewe hesabu zilinipita.

JIBU: Dada, hazikukupita, ukimwagiza mtoto robo ya sukari unajua utaletewa kidogo kuliko nusu. Nusu kilo ni gramu 500, robo 250, thumni 125. Anza hapohapo na chapati jioni, muulize unataka kipande cha waliogawana wanne au cha waliogawana wanane? Njaa itamjibu.

Akifika kujumlisha chapati iache, vipande havikatiki sawa na watagombana. Chukua daftari la miraba, kata utepe wa miraba 12. Nusu yake ni miraba 6, theluthi ni 4, jumla 10 kati ya 12. Wengi wanaandika nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano, sasa mwambie apake rangi utepe mwingine wa miraba 10, mbili ya tano ni miraba 4, haifiki hata nusu ya utepe. Muulize umeongeza kitu kwenye nusu, imepunguaje? Mwache akae nalo hilo swali, usimjibu haraka.

SWALI: Mjukuu wangu anashinda barazani kwenye bao. Mama yake anasema anapoteza muda wa hesabu. Babu wa Tanga.

JIBU: Shikamoo babu. Bao peke yake halimfundishi mtoto jedwali, lakini ubao wenyewe ni jedwali: mistari 4 ya mashimo 8 ni 32, kete 64. Muanzishie bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, na kabla hajagusa kete mwambie ataje zitaishia shimo lipi. Akikosea asirudie, acheze hivyohivyo aone zilikoishia.