Wasomaji Wanauliza: Mwaka wa Developa, Hesabu Zake Zinafungwaje?

Kila Desemba barua za wahandisi wa programu huongezeka, na nyingi zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mwaka umekwisha, nimefanya nini, na mbona nimechoka hivi? Tumechagua nne.

Shikamooni wahariri. Ni mwaka wangu wa pili nikiandika programu katika kampuni ya hapa Mwanza. Bosi anataka ukurasa mmoja wa kazi zangu za mwaka 2025 kabla hatujazungumzia mshahara. Jioni mbili nimeambulia mistari minne, yote ni ya Oktoba kuja huku. Nianzie wapi?

Marahaba. Acha kukumbuka, anza kuchota. Kichwa kinatunza miezi miwili mitatu tu. Iliyobaki imo kwenye Git, programu inayotunza historia ya msimbo wenu. Ingia kwenye folda ya mradi, uandike kwanza:

git shortlog -sne --all

Utaona majina na barua pepe za wote walioweka kazi humo. Usishangae kujikuta mara mbili: laptop ya ofisini imesetiwa anwani moja, ya nyumbani nyingine. Wengi hupoteza nusu ya mwaka wao hapo bila kujua. Ukishajua majina yako yote, andika:

git log --all --no-merges --author="jina" --since="2025-01-01 00:00" --until="2025-12-31 23:59" --date=short --pretty="%ad %s"

Una majina mawili? Rudia --author mara mbili. Saa nazo usiziache. Ukiandika tarehe tupu, Git huijazia saa ile unayoendesha amri, kwa hiyo ukiiendesha saa nne asubuhi, kazi ya Desemba 31 iliyofanyika baada ya saa nne haitatokea. Tena, --since hupima tarehe komiti (kazi moja uliyoihifadhi kwenye Git) ilipoingizwa, ilhali %ad huonyesha ilipoandikwa mara ya kwanza. Kama timu yenu hufanya ribezi (kuzipanga upya komiti juu ya nyingine), kazi ya Desemba 2024 inaweza kuchomoza katika orodha. Ifute kwa mkono.

Sasa gawa mistari hiyo mafungu matatu: vitu vipya, marekebisho ya hitilafu, na matunzo (kusasisha maktaba, yaani msimbo wa wengine mnaoutumia, kuhamisha seva, kuandika majaribio). Fungu la tatu ndilo watu huliacha kwa aibu, kumbe ndilo lililoufanya mfumo usianguke. Kutoka kila fungu chagua mawili au matatu, uandike kila moja kwa kitendo, sababu na matokeo.

Mfano. «Nilishughulikia mfumo wa malipo» haimwambii bosi lolote. Jaribu hivi: «Aprili: niliifanya namba ya muamala kuwa ya kipekee kwenye jedwali la malipo. Awali, mtandao ukikatika baada ya seva kupokea ombi, simu ya mteja ililituma tena na akatozwa mara mbili. Sasa hifadhidata inalikataa ombi la pili.» Developa mwenzako akisoma hapo atajua pia kwamba hukuishia kuandika sharti la «kama haipo, ingiza» ndani ya programu. Sharti hilo pekee halitoshi: maombi mawili yakifika kwa pamoja, yote mawili yataambiwa haipo, na yote yataingia.

Kuna kazi ambayo Git haiioni: kukagua msimbo wa wenzako, kumwelekeza aliyeajiriwa juzi, na kile kikao ulichowashawishi wasijenge kitu kisichohitajika. Hizo zitafute kwenye kalenda na kwenye kundi la kazi. Kwa jumla tenga saa tatu, utoke na mistari minane. Na kuanzia Januari, kila Ijumaa kabla ya kufunga laptop andika mistari mitatu kwenye faili moja. Ni dakika kumi tu.

Nina komiti 1,140 mwaka huu, mwenzangu ana 310. Nikiziweka kwenye ripoti ni sawa?

Usiziweke. Mmoja huhifadhi kila baada ya dakika kumi, mwingine mara moja kwa siku, na timu inayobana komiti nyingi kuwa moja kabla ya kuunganisha hufuta kabisa tofauti hiyo. Idadi ya mistari ya msimbo ni mbaya zaidi: kusakinisha maktaba moja kwa npm (kisakinishi cha maktaba za JavaScript) kunaweza kubadilisha mistari maelfu ya package-lock.json bila wewe kuandika hata herufi.

Niko Dar, nafanyia kazi kampuni ya New York. Kikao cha kila siku kilikuwa saa kumi na mbili jioni. Novemba kikahamia saa moja usiku bila mtu kuniambia, nikakikosa siku mbili. Halafu ripoti zangu za mwisho wa mwezi haziendani na za mhasibu wetu wa Dar. Mwaka ujao nifanyeje?

Kikao hakikuhamia popote. Wao ndio waliorudisha saa nyuma. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, yaani Machi 8 na Novemba 1 kwa mwaka 2026. Sisi hatusogezi. Saa tano asubuhi ya New York ni saa kumi na mbili jioni kwako majira yao ya joto, na saa moja usiku baridi ikiingia. Wenye wateja London waangalie tarehe zao mbali: Machi 29 na Oktoba 25. Mwenye wateja pande zote mbili ana wiki tatu za Machi ambazo ratiba yake huwa vurugu tupu.

Dawa ni kuomba mwenye kikao akiweke kwenye kalenda kwa ukanda wa America/New_York, nawe simu yako iwe Africa/Dar_es_Salaam; kalenda itakusogezea yenyewe. Ukijiwekea alamu ya saa kumi na mbili, utaachwa tena. Na katika maandishi tumia mtindo wa 18:00, kwa sababu «saa tatu» ikitafsiriwa na mtu aliyezoea saa za Kizungu inageuka nyingine kabisa.

Ripoti nayo ina ugonjwa huohuo. Seva nyingi huwekwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Muamala wa Januari 1 saa nane usiku kwa Dar, seva inauhesabu kuwa wa Desemba 31 saa 23:00. Hivyo kila mwezi ukianza, saa tatu za kwanza huangukia mwezi uliopita. Usibadilishe saa ya seva! Acha data ihifadhiwe kwa UTC, bali kwenye swali (query) la ripoti geuza wakati uwe wa Dar kwanza, ndipo ukate kwa siku au mwezi. Na kazi ya kujiendesha inayotakiwa saa sita kamili usiku kwetu, kwenye cron (kipanga ratiba) ya seva hiyo ni saa 21: 0 21 * * *.

Mimi ndiye ninayepigiwa simu usiku mfumo ukianguka. Mwaka huu nahisi sikulala. Nitajuaje kama ni kweli au nalalamika tu?

Pole. Orodhesha usiku wote ulioamshwa: tarehe, saa, chanzo, dakika ulizotumia, na je, chanzo kiliondolewa au kilifunikwa? Kumbukumbu za simu zitakusaidia. Safu ya mwisho ndiyo ya kumwonyesha mkubwa wako.

Mara nyingi utakuta vyanzo viwili vitatu vikijirudia. Cheti cha tovuti kilichoisha muda: cha kawaida cha Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, hudumu siku 90, na kama kinajisasisha chenyewe, pima kwa certbot renew --dry-run (jaribio lisilobadilisha kitu), maana usasishaji huweza kukwama miezi kimyakimya. Diski iliyojaa kumbukumbu za mfumo: weka logrotate, inayofuta kumbukumbu za zamani, na onyo likufikie diski ikiwa asilimia 80, mchana. Kuna moja huwatesa watu saa tisa usiku: umefuta faili kubwa, amri ya du (inayojumlisha mafaili) inakubali, df (inayopima diski nzima) bado inasema imejaa. Faili limeshikwa na programu iliyokuwa ikiliandikia. Lione kwa lsof +L1, kisha zima na uwashe programu hiyo, nafasi itarudi.

Usiku ukizidi saa moja ya kazi, asubuhi yake uingie ukiwa umechelewa, na jambo hilo liandikwe kwenye makubaliano kabla ya zamu ya Januari kupangwa.