Nani achukue kilichobaki? Maswali yenu ya wasia

Leo nachukua ya wasia tu, kwa sheria ya Kenya.

Shamba nimempa kijana, ploti nimempa binti, gari la mke. Si nimemaliza?

Hujamaliza, na hili swali naulizwa kila mwezi jamani. Pesa ya benki je? Hisa? Watu unaowadai? Na ile ploti utakayonunua mwaka kesho? Usipoandika nani anachukua kinachobaki madeni na mazishi yakishalipwa, hicho kipande kinahesabiwa kama hukuacha wasia kabisa, kinagawanywa kwa Sheria ya Urithi, Cap 160, mke anakitumia maisha yake yote na watoto wanangoja, na hapo ndipo kesi za ndugu zinapoanzia. Sentensi moja inatosha: mali yangu yote iliyobaki, niliyonayo sasa na nitakayopata baadaye, namwachia fulani.

Kilichobaki namwachia dada yangu. Akitangulia kufa?

Fungu lake linaanguka, yaani ulichoandika juu yake hakifanyi kazi tena. Andika jina la pili, na la tatu pia. Ukiwa umewaachia watoto wako, sema wazi fungu la aliyetangulia liende kwa watoto wake, nimeshaona wajukuu wakifukuzwa shambani kwa sababu babu alinyamaza.

Dada huyohuyo anaweza kuwa shahidi?

Asiwe. Atapoteza alichoachiwa, labda wawepo mashahidi wengine wawili wasiorithi kitu. Ita majirani wawili, usiite mrithi wala mumewe.

Nina mtoto wa nje, sitaki apate hata kilichobaki. Naruhusiwa?

Kuandika unaruhusiwa. Ila mtoto wako ni mtegemezi wako kisheria hata kama hukuwahi kumlea, anaweza kwenda kortini kabla mirathi haijathibitishwa na jaji akamtengea chake. Mimi naona mpe fungu mwenyewe ungali hai, hakuchagua azaliwe wapi, na wenzake hawatatumia miaka kwenye korido za korti wakilipa mawakili kwa pesa uliyodhani umewaachia.

Mimi Muislamu, naweza kumwachia mke wangu kilichobaki chote?

Hapana. Wasia wako mwisho thuluthi ya mali, na mrithi, kama mkeo, haachiwi kwa wasia. Muone kadhi.

Wasia niliandika 2019, nimeoa mwaka jana. Bado unafaa?

Umefutika siku uliyooa, isipokuwa kama uliuandika ukijua unamuoa huyo huyo na ukasema hivyo. Andika mwingine wiki hii.