Kabla hujapandisha notisi za kozi, jaribu kuchagua mstari mmoja

Fungua faili la PDF, kisha buruta kipanya juu ya mstari wowote. Ukishindwa kuchagua hata neno moja, hayo si maandishi, ni picha ya ukurasa. Programu ya kusoma skrini haina cha kusoma hapo, na mwanafunzi asiyeona ataambulia kimya. Anzia hapa, hata kama mengine utayafanya muhula ujao.

Tafuta faili la awali la Word. Likikosekana, pitisha kurasa kwenye programu ya kutambua herufi, halafu usome tena kwa jicho lako, hasa tarakimu: 1 hugeuka l, 0 hugeuka O, na hesabu nzima ikaharibika.

Vichwa vya mada visiwe herufi zilizokozwa tu. Katika Word, bonyeza Ctrl+Alt+1 kwa kichwa kikuu na Ctrl+Alt+2 kwa kidogo. Kwenye ukurasa wa kozi wenye vichwa halisi, anayetumia NVDA, programu ya kusoma skrini, hubonyeza H akaruka hadi mada anayoitaka. Bila vichwa hivyo atasikiliza yote toka mwanzo. Vivyo hivyo na viungo: akiviorodhesha kwa Insert+F7, "bofya hapa" mara tisa haimwambii kitu. Andika "Zoezi la wiki ya 3".

Kwenye maelezo ya picha, "grafu ya bei" ni maneno matupu. Andika kile ambacho mwenye kuona anaondoka nacho: "Bei ya gunia la mahindi inapanda toka Januari, inafika kilele Aprili, inashuka baada ya mavuno."

Video inahitaji manukuu, yaani maneno yanayosemwa yakiandikwa chini ya picha, mistari isiyozidi miwili, kila mmoja herufi kama 40. Yaliyotengenezwa na mashine yakague majina na istilahi. Lakini manukuu hayatoshi kwa kila kiziwi: kwa wengi lugha ya kwanza ni ya alama, na ya Kenya si ile ya Tanzania, kwa hiyo uliza kabla ya kutafuta mkalimani. Na unapofundisha, acha "hii tunaipeleka huku". Sema "nagawanya pande zote mbili kwa 3". Asiyeona anafuata, na manukuu nayo yanapata maana.

Kwenye majaribio ya Moodle, mfumo wa kozi za mtandaoni, muda wa ziada huwekwa kwa jina la mwanafunzi, kabla jaribio halijafunguliwa. Epuka maswali ya kuburuta na kudondosha. Jibu sahihi lisionyeshwe kwa kijani peke yake, na maandishi ya kijivu kwenye weupe humshinda mwenye uoni hafifu. Tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1.

Mwisho, sakinisha NVDA, ni ya bure. Weka lugha ya hati iwe Kiswahili, la sivyo sauti ya Kiingereza itayavuruga maneno. Kisha zima skrini, weka kipanya kando, na kwa Tab, mishale na Enter pekee ujaribu kufika kwenye swali la kwanza, ulijibu na kulikusanya. Unapokwama, ndipo atakapokwama yeye.