Huhitaji kuwajua ndege wote

Umeuliza kama mtu asiyejua ndege atafaa kwenye hesabu ya ndege wa majini ya Januari pale Mida Creek, hori ya bahari karibu na Watamu, pwani ya Kenya. Atafaa sana tu! Mjuzi akishika darubini lazima awepo wa kuandika, maana ukiinamia daftari kundi limeshakupotea.

Cha kuangalia kwanza ni maji. Yakipwa, ndege wametawanyika tope zima wakitafuta chakula, huwawezi. Subiri yajae, watasongamana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki. Hapo hesabu kumi, tazama hao kumi wamechukua nafasi kiasi gani, kisha endelea kwa makumi mpaka mwisho wa kundi. Ila msiwasogelee wakaruka. Wengine wametoka mbali, huko Siberia, na watahitaji akiba ya mafuta mwilini ya kurudia. Sululu utamjua mara moja, mdomo mrefu umepinda chini.

Faida? Hesabu ya mwaka mmoja peke yake haisemi mengi. Hii ya kimataifa ya ndege wa majini ilianza 1967, na kwa kurudiwa mahali palepale ndiyo tunajua nani anapungua. Vaa viatu usivyovionea huruma. Usipoona ndege, andika sifuri, nayo inahesabika.