Kabla hujauliza kamera gani, maiki unayo?

Kila mara kuna kijana ananiuliza anunue kamera gani muvi yake itoke kali, na mi namuuliza maiki unayo? Maana hapo ndo nilipoumia. Muvi yangu ya kwanza nilishuti Mbagala kwa hela mama aliyokopa kikoba, picha zikatoka safi kabisa ila sauti nilichukua na maiki ya kwenye kamera yenyewe, kamera iko mita 3 huko, kwahiyo jenereta ya jirani inasikika vizuri kuliko dada anayelia kwenye sini. Siku ya kuionyesha dakika ya 20 watu wakaanza kushika simu. Mama alikaa mbele, akageuka akaniangalia, ile sura sijaisahau.

Kama hela ni ndogo kamera kodi, maiki nunua. Mkifika lokesheni kaa kimya dakika moja usikilize. Zima friji, halafu weka funguo zako humohumo ndani ili usiondoke bila kuliwasha, samaki wa mwenye nyumba wakioza hapo hamrudi tena. Msikiti ukiwa karibu, saa sita na nusu mchana usipange sini ya maongezi. Kitenge kipya kifueni kwanza, ule wanga unakwaruza maiki ya kifuani. Na kila sini ikiisha wanyamazishe wote urekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba kilekile, wakati wa kuediti ukikata neno pakabaki shimo ndo unazibia hizo.

Ila ukweli shida haikuwa maiki tu. Dogo aliyeshika kamera aliniambia mara mbili, bro jenereta inaingia, nikamjibu shuti, tutarekebisha mbele. Niliogopa nikisimama kruu nzima itajua sijui ninachofanya. Hicho kiburi cha uoga kimeua muvi nyingi za hapa kwetu kuliko ukosefu wa hela, naamini hivyo kabisa.

Baadae nikaenda ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, pale Ngome Kongwe walikuwa wanaonyesha nje chini ya anga, nikakaa nyuma kabisa nasikiliza watu tu, wanapocheka, wanapotulia. Kurudi Dar nikampigia dogo nikamuomba msamaha. Sasa hivi yeye ndo mtu wangu wa sauti, akiinua mkono tunasimama wote, hata kama jua linazama.